Jogoo wa Mtani na Gari la Viti Viwili

Mafuta ya nyonyo ambayo wajukuu zangu wanapaka nywele siku hizi, sisi tuliyatia kwenye breki. Niliwaambia hivyo mwezi uliopita, mjukuu mmoja alipofungua kichupa chake na ile harufu nzito ikajaa chumbani. Walicheka sana. Mmoja akaniuliza kama breki zetu zilikuwa na mba. Nami nikacheka, lakini nilikuwa nimeshafika mbali, nimeshafika Kilosa, kambi ya shamba la mkonga, nimechuchumaa kando ya gari jekundu lisilo na paa, nalisugua kutu kwa majani ya msasa.

Kama ulikulia kwenye kambi za mkonga, huhitaji kuelezwa. Asubuhi tuliamshwa na kipande cha reli kilichogongwa kwa nondo. Kisha ikaanza kunguruma korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonga, na haikunyamaza mpaka jioni. Makapi yake yalioza kwenye mtaro nyuma ya nyumba zetu. Wageni waliziba pua, sisi hatukujua kama kuna harufu. Mchana tulikula makande, jioni ugali kwa mlenda au kunde, na siku ya mshahara samaki mkavu.

Baba alikuwa fundi wa karakana ya shamba. Cheti hakuwa nacho. Alijifunza kwa kushika taa na kupokeza spana, akafikia mahali pa kusimamisha bisibisi kwenye injini, akaweka sikio kwenye mpini, na kukuambia nani anaumwa ndani humo. Lakini miaka hiyo mashamba yalikwisha kuwa ya umma, bei ya mkonga ilikuwa imeanguka, na karakana yetu ilitangaziwa kufungwa. Walioandikwa kwenye orodha wangehamia kijiji kipya upande wa Magole, wakalime pamoja. Jina la Baba lilikuwa kwenye orodha. Hakuwa na neno baya juu ya jembe. Alikuwa Msagara na jembe alizaliwa nalo. Ila injini ndicho kitu pekee alichokijua kuliko majirani wote, na aliogopa kukiacha. Hakusema kwamba anaogopa. Alipunguza kula tu, na Mama akaona.

Hapo ndipo yalipoingia mashindano. Karakana moja ya mabasi huko Mikumi ilitaka fundi mmoja. Mkuu wake alikuwa mtu wa kuja, amenyooka kama rula, haamini vyeti wala maneno matamu. Akatangaza kwamba siku ya sikukuu kutakuwa na mbio za magari, kutoka Kilosa hadi Mikumi kupitia kijiji cha Ulaya, watu wawili katika kila gari. Yaingie magari mabovu tu, yaliyofufuliwa na wenyewe. Na sharti lilikuwa moja: kulinunua na kulifufua, vyote pamoja, visizidi bei ya ng'ombe mmoja. Baba alilirudia sharti hilo nyumbani neno kwa neno, mpaka nikalikariri: "Kila kilichotolewa ili gari liwake kitahesabiwa, hata kikitoka nyumbani kwa mtu." Atakayetangulia kufika bila kumvuka ng'ombe, kazi ni yake. Watu walibishana wiki nzima kuhusu ng'ombe yupi, wa mjini aliyekonda au wa wafugaji aliyenona, hadi likachaguliwa dume moja la wastani mnadani na kila mtu akaenda kulitazama.

Gari letu lilikuwa la meneja wa zamani. Lilikuwa na viti viwili tu, na Jumamosi alikuwa akilikimbiza Morogoro huku skafu inapepea. Alipoondoka nchini aliliacha kwenye banda la magunia, na kuku wakahamia. Baba aliuziwa kwa bei ya chuma chakavu, mayai matatu yakiwa bado kwenye kiti cha dereva. Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu hatukutaja shilingi. Tulitaja nyama. Gari lenyewe lilikula mguu wa mbele. Betri ikala mbavu za upande mmoja. Matairi, ambayo yalikuwa yamechakaa lakini si ya kutupa, yakamaliza miguu yote ya nyuma. "Leo tumekula shingo," Baba angesema akirudi kutoka mjini na plagi nne kwenye karatasi, na Mama angeguna.

Kilichobaki kilifanywa kwa mikono. Tanki la petroli lilikuwa na tundu, likazibwa kwa sabuni ya kipande iliyokandwa. Mkanda wa feni ulikatwa kwenye mkanda uliotupwa wa korona. Mama alisuka vitambaa vya viti kwa katani, akavijaza sufi, navyo vilikuwa vizuri kuliko vya meneja, ingawa vilichoma mapaja. Sisi watoto tulitumwa mtoni kuchuma majani ya msasa, maana karatasi ya msasa ingekula ulimi wa ng'ombe bure. Breki ndizo zilizomnyima Baba usingizi, kwa sababu mafuta yake ya dukani yalikuwa ghali. Bibi, mama yake Baba, akaponda nyonyo, akachemsha, akaengua. Baba akachanganya na spiriti kidogo, akamimina, akakanyaga pedali. Ikashika. Kisha akaenda sokoni kuulizia chupa ya mafuta ya nyonyo inauzwaje, ili ayahesabu. Bibi alikasirika siku mbili. "Mafuta yangu nimpe mwanangu wa kumzaa, halafu akayatafutie bei sokoni!"

Mwisho wa yote ng'ombe alibaki mkia. Kwa mkia huo ungeweza kununua kiberiti na chumvi, basi.

Sasa nikueleze jirani yetu. Alikuwa Mnyamwezi, mfanyakazi wa reli, nyumba yake inatazamana na yetu. Wanyamwezi walipita kwetu tangu enzi za kubeba mizigo kwenda pwani, na njiani wakawekeana utani na wenyeji. Kwa hiyo alikuwa mtani wa Baba, na unajua mtani alivyo: anakutukana mbele ya wakwe zako, anachukua kitu chako, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukipata kitu kipya, mtani ana haki ya kukiteka mpaka ukikomboe. Lakini mwezi wote ule wa matengenezo alikuwa kazini huko njia ya Kidatu. Alirudi alasiri ya mkesha wa mashindano, begi begani, akakuta gari limeng'arishwa mbele ya mlango wetu.

"Mtumwa wangu amenunua gari lisilo na paa!" alipiga kelele. "Sasa likinyeshewa, nani atakuanika wewe?"

"Utanianika wewe," Baba akamjibu, "ndiyo kazi niliyokutolea Tabora."

Tulicheka mpaka machozi. Mtani alilizunguka gari, akalipiga mateke matairi, akafungua boneti, akasifu kwa matusi. Hakuna aliyemwangalia mikono.

Asubuhi gari halikuwaka. Baba aliinama mara moja tu akajua. Rota, kile kidude kidogo cha kugawa moto kwa plagi, hakikuwapo. Akainua kichwa, na kule ng'ambo mtani alikuwa amesimama mlangoni kwake, anatabasamu, ngumi imefungwa.

"Jogoo!" alisema. "Gari jipya halitoki kambini bila jogoo."

Baba alicheka kwanza, maana ndivyo inavyotakiwa. Kisha akavuka njia, akamweleza taratibu: ng'ombe, mkia, sharti, kazi ya Mikumi. Nilikuwa nyuma yake. Nikaona lile tabasamu linamtoka mtani polepole, na mkono wake ukanyooshwa wenyewe. "Chukua ndugu yangu," alisema. "Chukua. Sikujua."

Ni Bibi aliyezuia. Alikuwa amekwisha kufika, kanga kiunoni. "Kitu alichoteka mtani hakirudi mikono mitupu," alisema. "Mwanangu na mkewe wanaingia barabarani leo. Unataka waende na mkosi?"

Mtani akasimama na mkono wake hewani. Angeweza kumpuuza Bibi, lakini naye alilelewa hivyo hivyo. Baba pia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kusema kwamba huo ni upuuzi, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba ni upuuzi. Bibi akamkamata jogoo wake mwenyewe, yule mwekundu, akamkabidhi. Mtani akampokea bila neno la mzaha.

"Jogoo ni wa mama yako, si wa gari," Mama alisema, akijifunga kanga ya pili. Baba alipangusa rota kwa shati lake, akairudisha, na gari likawaka kwa mpigo mmoja.

Mama ndiye aliyekaa kiti cha pili. Wanaume walinong'ona, lakini kila wiki Mama alikwenda gulioni Ulaya kwa miguu na hakuna shimo la barabara ile asilolijua. Magari sita yaliondoka. Mimi, Bibi na mtani tulipanda treni ya Mikumi, na mtani, ambaye kwa kawaida angetuchekesha behewa zima, alitazama nje njia nzima. Alitununulia miwa. Bibi alikula, mimi nikakataa.

Tuliwasubiri Mikumi mpaka jua likawa kali. La kwanza kutokea kwenye vumbi lilikuwa jekundu. Mama alikuwa na kandambili moja, ya pili imebaki kwenye mto Miyombo, aliposhuka kupima kina cha maji kwa miguu yake. Vumbi lilimjaa hadi kwenye kope. Baba alikanyaga breki mbele ya meza ya waamuzi, na gari likasimama pale pale alipotaka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Sijapata kujivuna tena namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Mkuu wa karakana aliligonga gari kila mahali. Alinusa breki, akatabasamu. Alikalia viti vya katani, akasoma karatasi ya Baba. "Ng'ombe hajavukwa," alisema. "Kuna kingine kilichotolewa ili gari liwake?"

Mama alimfinya Baba kiganja. Nilimwona.

"Jogoo," Baba alisema.

Watu wakaangua kicheko. Mtani akapenya hadi mbele, kofia ya reli mkononi. "Mheshimiwa, huyo ni jogoo wa utani. Hahesabiwi. Kosa ni langu mimi."

"Kama jogoo hahesabiwi," alisema dereva aliyefika wa pili, mtu wa Ruhembe, "basi na mimi nina mbuzi wangu wa tambiko."

Mkuu akamwuliza mtani, bila ukali wowote: "Bila jogoo, gari lingewaka?"

Mtani alifungua mdomo. Akamtazama Bibi, akamtazama Baba. "Lisingewaka," alisema.

Kazi ilikwenda kwa mtu wa Ruhembe. Mkuu alimpa Baba mkono, akaushika muda mrefu, lakini sharti lilikuwa sharti na yeye ndiye aliyeliweka. Tulirudi Kilosa, na mvua zilipokaribia tukapakiwa lori kwenda Magole. Huko Baba alilima kama wengine. Mwaka wa pili aliing'oa injini ya lile gari, akaifunga kwenye mashine ya kusaga ya kijiji, na wanawake waliotoka mbali walisema unga wetu unatoka laini. Viti vya katani tulivikalia sebuleni. Hakuwahi kuajiriwa tena kama fundi.

Mimi nilimchukia mtani, nakuambia wazi. Alikuja Magole kila alipopata likizo, akamtukana Baba, Baba akamtukana, wakala pamoja. Siku moja nilimwuliza Baba anawezaje. "Mtani hakasirikiwi," alisema, akaendelea kumenya muhogo. Ilinichukua miaka mingi kuona upande wa pili wa jambo hilo: kama Baba hakuruhusiwa kukasirika, mtani naye hakuruhusiwa kuomba radhi. Kwa watani hakuna kosa, sasa utaomba radhi ya nini? Nilichokiona ni kwamba tangu Mikumi hakuteka tena kitu chetu. Hata ndizi.

Korona ile imekwisha kung'olewa, na mahali pa kambi pamelimwa mahindi. Wajukuu zangu ukiwauliza watani wao ni nani wanatazamana. Wakitaniwa na mgeni wanasema wametukanwa. Siwalaumu, sisi ndio hatukuwaambia.

Baba tulimzika Magole. Kaburi lilipokuwa tayari, mtani, mzee sasa, alishuka ndani akakaa chini, kama mila inavyomtaka: mtani hulizuia jeneza mpaka alipwe. Watu wakaanza kucheka na kuchangishana, maana walitegemea matusi ya kukata na shoka. Mchungaji akafunga kitabu, akasubiri. Mtani akapitisha kiganja kwenye udongo, akaondoa mawe mawili matatu, akausawazisha.

"Leo sidai," alisema. "Mpitisheni."

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyewahi kusikia mtani asiyedai. Nilikwenda ukingoni mimi mwenyewe, nikampa mkono, nikamvuta atoke. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," alisema, akaegemea bega langu, na hatukuachana mpaka walipomaliza kufukia.