Gari la wagonjwa lililomfia Cleophace mkononi

Saa moja na nusu asubuhi, Isingiro wilayani Kyerwa. Umande bado uko kwenye migomba, na wanaume sita wanatoka kibanjani kwa Mzee Nshimiyimana wakiwa wamembeba begani. Mzee amelala ndani ya engozi, machela ya kusuka waliyoachiwa na babu zao, mguu wake wa kulia umevimba kama mtungi.

Nyuma kabisa, upande wa kushoto, yupo Cleophace Mugisha, mwenye miaka 41. Shati limelowa jasho mgongo mzima. Miezi minne iliyopita mzee huyu angepelekwa kwa gari jipya, na Cleophace huyuhuyu angekuwa kwenye usukani.

"Pole, mzee wangu," anasema kila machela inapoyumba.

"Tembea tu, Dereva," mzee anamjibu.

Bado wanamwita hivyo, ingawa gari lenyewe limefunikwa turubai uani kwa mwenyekiti, injini imetoboka pistoni.

Kundi lao la engozi lina kaya 212. Mtu akiugua, kaya zinatoa wabebaji, na asiyetokea anapigwa faini. Kwa misimu sita ya kahawa walichanga kidogo kidogo hadi wakanunua pikapu mpya ya dizeli, wakaiwekea kitanda nyuma. Cleophace, aliyeendesha malori ya kahawa kwa miaka 14, akachaguliwa kuwa dereva kwa mshahara wa shilingi 180,000 kwa mwezi.

"Siku ya kulipokea nilivaa koti langu la harusi," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu.

Gari lilikuja na waranti ya miaka mitatu au kilomita laki moja. Kijitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo Cleophace alikipeleka kwa mwalimu wa sekondari akasomewa ukurasa kwa ukurasa.

"Ndiyo maana sitasema sikujua," anasema. "Kiliandikwa, ukiona nguvu imepungua, lilete kwa wakala. Na kiliandikwa, injini ikichezewa na mtu mwingine, usitudai kitu."

Mwezi wa tisa mwaka jana nguvu zilianza kupungua. Mlima wa kutokea Isingiro gari likawa linaupanda kwa gia ya kwanza, linahema. Cleophace akajiambia ni mzigo. Kesho yake akajiambia ni vumbi, na wiki iliyofuata akasingizia dizeli ya madumu.

Ndipo ikafika siku ya Liliane Niyitegeka. Uchungu ulimshika mchana, na mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Safari ya hospitali kule Karagwe, ambayo kwa kawaida ni saa moja na robo, ilichukua zaidi ya saa mbili. Mtoto alizaliwa lakini hakulia.

"Mama yake Liliane aliniita kutoka nyuma, 'Baba, ongeza mwendo.' Mguu wangu ulikuwa umeshafika chini. Sikuwa na cha kuongeza."

Baada ya mazishi Cleophace alikaa na mambo mawili kichwani. Kulipeleka gari Mwanza kwa wakala kulikuwa bure, lakini kijiji kingekaa bila gari siku nne au tano. Fidele, fundi wa Kayanga anayejua kuchomeka kompyuta kwenye injini za malori na kuziongezea nguvu, angemaliza mchana mmoja kwa shilingi 350,000. Waranti ndiyo ingekwenda na maji.

Hakumuuliza mtu. Ukitaka kujua kwa nini, itazame engozi inavyobebwa. Anayeshika mbele kulia ndiye anayechagua njia. Akikata kupita mtoni, wote wanakata, na hakuna kuulizana wakati mgonjwa yuko begani. Cleophace alikuwa ameishika nafasi hiyo tangu akiwa na miaka 25.

"Nilijiona bado niko mbele," anasema. "Nikakata kona, nao huko nyuma hawakujua kama tumeacha njia."

Fidele mwenyewe alisita. "Kaka, hili bado jipya. Una uhakika?" alimuuliza.

"Wewe fanya," Cleophace akamjibu.

Kwa wiki kumi na moja gari lilipaa. Mlima ule ule likaupanda kwa gia ya tatu. Watu wakamsifu dereva wao, naye sifa akazipokea bila kuwatajia Fidele.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, likirudi tupu kutoka hospitali, injini ilianza kugonga, gari likatoa moshi mweupe, likazima. Safari hii lilikwenda Mwanza, juu ya lori. Fundi wa wakala alichomeka kompyuta yake, na baada ya dakika tano alijua kila alichofanya Fidele. Waranti ikaishia hapo.

Lakini fundi huyo, kijana mpole kwa maelezo ya Cleophace, alimwita karibu akamwonyesha bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye injini. Chini lilikuwa na ufa, kosa la kiwandani.

"Aliniuliza nguvu zilipungua lini. Nikamwambia mwezi wa tisa. Akasema, 'Mzee, huu mpira tungekubadilishia bure, nusu saa tu.'"

Injini ilikuwa inakosa hewa. Fidele aliilazimisha kunywa dizeli zaidi, nayo ikachemka hadi pistoni ikayeyuka.

"Gari halikuwa zembe, lilikuwa linaumwa," anasema Cleophace, macho yake yako barabarani. "Mimi kazi yangu ni kupeleka wagonjwa hospitali. Huyu mmoja nilimchapa ili akimbie."

Alisimama mbele ya kundi akaeleza habari ya Fidele na waranti. Hawakumfukuza. Walimwondoa mbele kulia, nafasi aliyoishika miaka 16, wakampa ya nyuma kushoto. Injini iliyotumika inauzwa shilingi milioni tisa. Hadi sasa zimepatikana milioni tano na laki mbili, na humo imo kahawa yote aliyovuna Cleophace msimu huu.

Mwenyekiti wa kundi, Evangelina Kashaija, mwenye miaka 63, hamumunyi maneno. "Nina hasira naye hadi leo," anasema. "Lakini gari likipona ataliendesha yeye. Amejifunza kwa hela zetu. Tukamtafute mwingine naye aanze kujifunza upya?"

Liko jambo ambalo Cleophace hakulisema kwenye mkutano ule. Siku aliyompakia Liliane, ufa ulikuwepo tayari. Kama angelipeleka gari Mwanza lilipoanza kuhema, pengine mtoto yule angekuwa anatambaa leo. Aliomba habari hii isichapishwe kabla hajakwenda kumwambia Liliane yeye mwenyewe.

Alikwenda Jumapili iliyopita, baada ya ibada. Alimkuta Liliane jikoni anamenya ndizi, akamwambia yote akiwa amesimama mlangoni. Liliane hakuacha kumenya. Ndizi zilipojaa sufuria ndipo akauliza.

"Huo mpira mmeshabadilisha?"

"Nimeununua tayari, kwa hela yangu. Bado injini."

Liliane akaweka kisu chini, akamwambia ana mimba ya miezi sita.

Sasa Cleophace ana mpango mmoja tu: mwezi wa saba usiishe kabla gari halijawaka. Amekubali kubeba magunia kwa mfanyabiashara wa kahawa siku ambazo hakuna mgonjwa, na ujira wake wote anaupeleka kwa Evangelina.

"Liliane hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza," anasema. "Aliniambia anategemea kujifungua mwezi wa nane, nisichelewe."