Madigadi ya Kushoto

Tarehe kumi na nne Februari, mwaka jana, nilimpoteza mume wangu. Alifia hospitalini Tororo, asubuhi, wakati nimetoka kumchotea maji ya kunawa. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani. Kwa nilivyojua mimi, alikuwa ameugua tangu Krismasi, majuma machache tu, na hilo nililishika kama faraja. Hakuteseka muda mrefu, na mimi sikuchelewa kumpeleka.

Aliacha shamba letu la Merikit na gari. Ni gari la zamani, la mraba, lile ambalo magurudumu yote manne huvuta. Mvua ikinyesha, barabara ya kwetu hukubali gari la namna hiyo peke yake, na ndilo lililokuwa likibeba mihogo yetu mikavu kwenda soko la Busia. Bila gari ningeuzia wachuuzi wanaokuja mlangoni, kwa bei wanayotaka wao.

Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa. Wakasema gari libaki kwangu, ila aliendeshe mdogo wa marehemu, kwa kuwa mimi sikujua kuendesha na haikufaa mtu wa nje ashike usukani ule. Baada ya mavuno wangekaa tena, nami ningeulizwa mbele ya watu wote kama namwamini shemeji yangu. Nikisema simwamini, atanyang'anywa ufunguo. Kwetu neno kama hilo likishatamkwa kwenye kikao haliondoki. Watoto wangu wangelirithi, na wake pia.

Basi nilikuwa namwangalia. Na mavuno yalipokaribia, akaja na habari ya bodi ya faiba.

"Shemeji, hii bodi yote ya mbele imeoza. Kuna mtu huko Kenya nauza boneti na madigadi ya faiba. Kutu hapana shika, mpaka wajukuu wazeeke."

"Na chuma?"

"Chuma nakwenda skrepa. Utakaa nayo ufanye nini?"

Kutu ilikuwepo, siwezi kukana. Kwenye boneti ungepitisha kidole. Lakini huyu ni mtu aliyekaa miezi yote hii bila kubadilisha taa iliyovunjika, na sasa ana haraka. Sisi wa mpakani tunajua kwamba gari likibadilishwa uso na kupakwa rangi, linaweza kuvuka jioni na kuamkia kwa mwenyewe mwingine. Nikamwambia sawa, lakini nitakuwepo kila siku ya kazi. Hakufurahi. Niliona.

Gereji iko upande wetu wa Uganda, njia ya kwenda Dabani, uwanja tu wenye turubai. Fundi anatoka Busia ya Kenya na huvuka kila asubuhi. Vipande vya faiba vililetwa na bodaboda, boneti imefungwa mgongoni mwa abiria hata akaonekana kama kobe. Nilikuwa nimeshikilia vipite geti la forodha mpakani na stakabadhi nipewe mimi mkononi. Nilivigonga kwa ukucha, vikalia kama mtungi wa plastiki. Hilo nalo sikulipenda.

"Mama, umekuja kulinda ama kujifunza kazi?" fundi akaniuliza.

"Nimekuja kukaa."

"Basi kaa kwa kivuli. Hii kitu haina siri, ni nyuzi za kioo na gundi."

Madigadi ya kulia, ile inayofunika gurudumu, ilikubali vizuri. Fundi alitoboa matundu, akaweka bolti na washa pana, vile visahani vya chini ya bolti, ili faiba isipasuke, na akaziacha zimelegea mpaka kila kitu kikae mahali pake. Kushoto kukakataa. Juu, karibu na mlango, palibaki mwanya wa vidole viwili, na chini madigadi ilikuwa inasugua mlango. Akaitoa, akairudisha. Mwanya ulikuwa pale pale.

"Toboa tu hapo, vuta na bolti," shemeji akasema.

"Nikivuta inapasuka. Hii si bati ati utaibembeleza na nyundo."

"Wewe vuta, bwana."

"Ni yako? Ikipasuka nitamwambia mama ni wewe, na vile ananiangalia, sitaki."

Nikadhani wamepanga. Nikadhani wameniletea mali mbovu, na kesho nitaambiwa gari limeharibika, afadhali liuzwe. Kisha nikamsikia shemeji akimpigia simu mtu wa skrepa aje achukue vyuma vya zamani sasa hivi, kazi ikiwa haijafika hata nusu.

"Haraka ya nini?" nikamuuliza.

"Zinaziba njia."

Uwanja ule ungetosha malori matatu. Nikaenda pale vyuma vilipolazwa, nikaikalia ile madigadi ya zamani ya kushoto.

"Shemeji, unakalia skrepa?"

"Nakalia changu."

Hakucheka. Baadaye, mtu wa skrepa alipofika na mkokoteni wake, niliinuka, nikaipindua nione ni nini kinachofukuzwa hivyo. Kwa ndani ilikuwa imejaa alama za nyundo, moja karibu na nyingine, kama punje za gunzi. Nikamwita fundi. Akaikwaruza kwa nje, na chini ya rangi akakuta puti, ule udongo wa kusawazishia mabonde ya bati, nene kuliko chapati.

Alichukua uzi, akaingia uvunguni, akaupima kutoka pembe hadi pembe, kisha akaugeuza upande wa pili. Uzi haukutosha. Akatoka anajipangusa.

"Mama, chesisi, huu mfupa wa gari, imeingia ndani, hapa mbele kushoto. Hii gari iligonga kitu kitambo. Aliyeitengeneza alinyoosha ngozi akaacha mfupa. Ile chuma ya zamani ilipigwa mpaka ikafuata kombo. Hizi za faiba zinatoka kwa kalibu, ziko sawa, ndiyo maana zinakataa."

Nikamgeukia shemeji. "Uligonga nini na gari la kaka yako?"

Alikaa juu ya tairi. Akavua kofia.

"Si mimi."

"Nani?"

"Yeye."

Mtu wa skrepa akaegemea mkokoteni wake kama aliyekuja kwa hilo. Fundi akamwambia, "Wewe twende tunywe chai," akamwondoa.

"Ilikuwa barabara ya Kiyeyi," shemeji akasema. "Mwaka mzima kabla hajalazwa. Alizimia kwa usukani, gari ikaingia mtaroni ikapiga kisiki. Mimi nakuja na baiskeli nyuma, nakuta amekaa chini, hajui leo ni siku gani. Akaniapisha."

"Alikuapisha nini?"

"Nisikwambie. Anasema utamfungia nyumbani. Tukapeleka gari kwa fundi Tororo, tukalala huko. Wewe tukakwambia tumekwenda mazishini."

Nilikumbuka mazishi hayo. Niliwapa kuku wapeleke.

"Na kuku wangu?"

"Fundi alikula."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kucheka, na sikufanya lolote. Nilikuwa narudi nyuma kichwani, siku moja baada ya nyingine, namtafuta mume wangu katika huo mwaka mzima. Jioni alizokuwa akilala mapema. Siku aliyoangusha kikombe akasema ni sabuni. Nilikuwa nimemshuku mdogo wake kwa wizi, kumbe aliyenificha alikuwa yule niliyemlilia.

"Alizimia tena?"

"Mara moja tena. Ile ambayo mimi nilijua."

"Ungeniambia, angepona?"

"Sijui, shemeji. Kila siku najiuliza. Ndiyo sababu hivi vyuma nataka viondoke kabla mtu hajaona zile alama za nyundo."

Mimi pia sijui.

Fundi aliporudi aliuliza kama gari linakwenda moja kwa moja na kama tairi haziliwi upande mmoja. Shemeji akasema linakwenda, na haziliwi. Akasema kuvuta chesisi ya umri ule ni kuihatarisha, inaweza kupasuka. Afadhali apanue matundu, akate faiba kidogo chini, aweke vipande vya mpira katikati. Nikamwambia afanye hivyo.

Mavuno yalipokwisha ukoo ulikaa. Mjomba wa marehemu akaniuliza lile swali. Nikasema, "Hakuiba, na hakutaka kuuza. Lakini alinificha jambo. Ufunguo ukae kwangu, na yeye anifundishe kuendesha."

"Jambo gani?"

"Ni la marehemu."

Wakanong'ona. Mmoja akasema mwanamke wa umri wangu atajifunza nini tena, na mwingine akamwambia yeye mwenyewe alijifunza baiskeli akiwa na mvi. Shemeji alisimama, akauweka ufunguo mkekani mbele yangu, akarudi kukaa.

Tulianza Jumatatu. Gari liliruka kama mbuzi likazimika, na shemeji akasema, "Achia klachi polepole, shemeji." Juma lililofuata nikafika nalo barabara ya Kiyeyi. Nikamwambia anionyeshe. Alinyoosha mkono kwenye mtaro uliojaa majani. Kisiki watu walikwisha kukichoma makaa. Nilipotaka kusimama nikasahau klachi, gari likazimika pale pale, likaanza kurudi nyuma polepole. Shemeji akaruka nje, akatafuta jiwe, akaliweka nyuma ya gurudumu.