Mtoto wa Unabii

Harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya nguo yenye unyevu bado hunipandisha joto usoni, nami ni mama mzima mwenye cherehani yangu hapa Mbarara. Wateja hudhani ni moto wa pasi. Ninyi nitawaambia ukweli: ni aibu.

Nilikuwa na miaka kama tisa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na kijiji chetu kizima kiliniita Pasta. Mama alinitoa kwa Mungu kabla sijajua kutembea. Tulipokuwa tukikimbia Kivu Kusini alinifunga mgongoni, akaapa kwamba tukifika hai, mtumishi atatoka nyumbani kwake. Baba alikuwa amezikwa huko tulikotoka, nami nilikuwa mtoto pekee, kwa hiyo mtumishi huyo hangeweza kuwa mwingine ila mimi. Katika chumba cha maombi, kile cha turubai nyuma ya kanisa, akina mama waliniwekea mikono kila Ijumaa na kunitabiria. Nilifunga, nikaomba, nikangoja kuitwa jina langu kama Samweli. Nilichosikia ni tumbo langu likinguruma.

Sikuthubutu kusema. Nadhiri si jambo la kuchezea, na niliamini kwamba nikikataa, Mungu angemwadhibu mama.

Ndipo kanisa moja la Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, likaomba mtoto wa unabii apelekwe akahubiri. Mama alilipiga pasi gauni langu jeupe, akalirudia, akalirudia tena mpaka mkaa ukafa. Kule Mbarara nilisimamishwa juu ya kiti ili nionekane, na kando yangu akasimama mtafsiri wa Kinyankore, lugha ya wenyeji, bwana mrefu mwenye tai fupi. Nikasema, "Bwana Yesu asifiwe." Akatafsiri. Watu wakaitika. Nikafungua kinywa tena, pasitoke kitu.

Yule bwana, masikini, alikuwa ameizoea kazi yake. Alinitazama, akaningoja, akakohoa, kisha akaanza kutafsiri nisichokisema. Alitafsiri mahubiri mazima, mikono juu, akaenda Misri akarudi. Wenyeji wakapiga makofi. Wachache waliojua Kiswahili wakaanza kucheka, na mimi nikalia palepale juu ya kiti, kamasi zikidondokea gauni jeupe.

Kicheko kile kilitutangulia kufika Nakivale. Jumapili iliyofuata mama alisimama mbele ya kanisa letu, yeye ambaye hakuwahi kusimama hata kutoa shukrani, maana aliona haya kwamba hakujua kusoma.

"Bandugu, musimuchekelee huyu mutoto," alianza. "Ile nazili niliapa miye, haikuwa yeye."

Sikutaka kusikia zaidi. Niliinamisha kichwa kati ya magoti, nikaziba masikio kwa vidole, nikaimba kimoyomoyo ili sauti yake isinifikie. Nilidhani anawaomba radhi kwa kuzaa mjinga, na niliona haya kuwa mwanawe, nikaona haya pia kwamba yeye ni mama yangu. Nilipoinua uso, kanisa zima lilikuwa likilia, na mchungaji alikuwa amepiga magoti.

Tangu siku ile hakuna aliyeniita Pasta. Aliyehubiri ni mama, miaka mingi, wakamwita mpaka Rugaaga na Isingiro, mimi nikimsomea mistari. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba wito tuliokuwa tukiutafuta kwangu ulikuwa wake tangu alipoapa njiani. Hakuweza tu kuamini kwamba Mungu angemtaka mjane asiyejua kusoma, akanitanguliza mimi.

Kinachoniuma ni nilichokikosa. Nimewauliza waliokuwepo alisema nini, na kila mmoja hunieleza mahubiri yake mwenyewe, tofauti na ya mwenzake. Nikimuuliza mama mwenyewe, hucheka.

"Siyakumbuke, mwana yangu. Nilikuwa natafuta tu baache kukuchekelea."