Maksai Aliyekuwa Neno la Siri

Mwaka ule mvua zilichelewa Shinyanga, nami nilikuwa nikiishi nusu duniani, nusu ndani ya programu ya kusomea vitabu. Asubuhi nilifungua kompyuta kwenye chumba changu cha kupanga, vumbi la barabarani likiingia taratibu dirishani, na nilipoinua tena kichwa jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili. Sikumbuki nilikula nini miezi ile. Nakumbuka majalada madogo madogo ya vitabu yakipita kwenye kioo, nami nikiyatafutia mahali pa kukaa.

Programu yenyewe ilikuwa ya kizamani. Kitabu ulikiingiza kwa memori kadi, ukakisoma, basi. Haikujua wewe ni nani wala kesho utataka nini. Kikundi cha maktaba kilichoniajiri kilitaka niongeze mambo mawili. Kwanza, msomaji ajitambulishe kwa namba yake ya simu na neno la siri, ili rafu yake na ukurasa alioishia vimfuate kwenye simu yoyote atakayoshika. Pili, pawe na katalogi ya mtandaoni, mtu apekue vitabu akiwa kwake na achukue anachokitaka. Mkuu wangu wa kazi, mtu wa maneno machache aliyekaa Mwanza, alitaka neno la siri litangulie. Katalogi ingesubiri. Nami niliipenda zaidi katalogi, kwa hiyo nilinung'unika wiki nzima.

Msomaji wa kwanza wa kuijaribu alikuwa mama yangu, kijijini Kishapu. Mama husoma polepole na kwa sauti. Alasiri hukaa nje akimenya viazi vitamu vya kukausha michembe, kishikwambi nilichompa kikiwa kimeegemezwa kwenye ndoo, na akifika mwisho wa ukurasa huufunua kwa kidole kile kile chenye utomvu. Nilimsihi anawe kwanza. Hakunawa hata siku moja, na kioo kilijaa madoa meusi. Alikuwa anasoma hadithi ndefu ya mwanamke anayeufuata mto kwa miguu ili ajue unaanzia wapi, na kila nilipompigia alinieleza mwanamke amefika wapi kabla sijamaliza shikamoo.

Neno la siri alilichagua bila kufikiri: jina la maksai wetu wa zamani. Kwetu ng'ombe wa kulimia ana jina kama mtu, na yule alituvutia jembe kwenye shamba la pamba tangu sisi wadogo hatujui hata kuhesabu. Alikufa siku nyingi, lakini jina lake liliendelea kufungua kila kitu cha nyumba ile, simu ya mama, simu yangu, redio ya kisasa ya mdogo wangu. Jina lenyewe sitaliandika hapa, maana bado liko kazini.

"Mama, hilo ni neno dhaifu," nilimwambia.

"Dhaifu? Yule ng'ombe?" Akaning'akia, nikafyata ulimi.

Mdogo wangu wa kiume, mwenye ile redio, hatukuwa tukimtaja siku zile. Msimu wa kulima uliotangulia aliwaacha maksai wapya na nira shingoni katikati ya shamba, akapanda pikipiki akaenda kutafuta dhahabu. Yeye na mama walikuwa wamegombana kwa sababu hiyo, nami nilikuwepo. Mama, kwa ukali ule wa mtu anayeogopa, alimwambia, "Ukiingia kwenye hayo mashimo, usinipigie simu. Sitaki kusikia sauti ya mtu aliye chini ya udongo." Katika yote aliyowahi kukatazwa maishani mwake, hilo ndilo pekee mkaidi yule alilolitii. Tulisikia yuko Mwakitolyo, baadaye tukasikia amehamia Nyarugusu, kisha laini yake ikawa haipatikani kabisa. Mama hakulia mbele ya mtu. Aliongeza tu kumenya viazi, hadi majirani wakawa wanauliza nani atakula michembe yote ile.

Neno la siri lilikuwa limeanza kutumika wakati aliponipigia na malalamiko yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mhola, salama huko? Sikiliza, kitabu chako kinatembea."

"Kinatembea vipi?"

"Nilimwacha mwanamke anavuka mto kwenye mawe. Leo nafungua, yuko mlimani. Mimi sikumpandisha."

Nilikasirika, nakiri. Hakuna kinachoniudhi kama kosa nisilolielewa katika kazi niliyoifanya kwa mikono yangu. Nikamwambia ni utomvu wa viazi, kidole kinanata, kurasa zinafunuka zenyewe.

"Utomvu haujui kusoma," mama akasema, akakata simu.

Nikalitafuta kosa. Nilipitia kila mstari niliouandika, nikiwa nimefunga pazia kwa sababu ya joto, hadi mchana na ndoto vikaanza kuingiliana. Nilisinzia juu ya meza nikamwona yule mwanamke wa kwenye kitabu akitembea peke yake kutoka simu moja hadi nyingine, miguu imelowa, bila kumuuliza mtu njia. Nilipozinduka sikuwa nimepata kitu. Jumamosi nikaenda Kishapu.

Tuliketi nje kama kawaida, mikono ya mama ikiwa ndani ya beseni, kishikwambi kwenye ndoo, hakuna aliyekigusa. Pamba ilikuwa haijapandwa na mashamba yalionekana meupe hadi kwenye upeo wa macho. Ghafla ukurasa ukageuka. Tukatazama wote wawili. Baada ya muda ukageuka tena, kwa utulivu, kama unavyogeuka mtu anaposoma.

Nikafungua kompyuta, nikaangalia kumbukumbu za seva. Akaunti ya mama ilikuwa wazi kwenye vifaa viwili: hiki kishikwambi, na simu nyingine ya bei rahisi. Neno la siri huko liliandikwa mara moja tu, bila kukosewa.

"Kuna mwizi," nikasema. "Ngoja nilibadilishe neno sasa hivi."

"Mwizi gani anamjua ng'ombe wetu?" mama akauliza, bado anamenya.

Kisha kisu kikasimama.

Baba alishatangulia mbele za haki. Waliojua kwamba jina lile hufungua vitu vyetu tulibaki watatu duniani, na wawili tulikuwa pale. Programu nilimwekea mdogo wangu mimi mwenyewe kabla hajaondoka, na ilibaki kwenye simu yake hata baada ya kubadilisha laini. Toleo jipya lilipomuuliza namba ya simu na neno la siri, alijaza namba ya mama anayoijua kwa moyo, na jina la maksai. Sijui kama alikusudia. Huenda vidole vyake tu ndivyo vilivyokumbuka nyumbani.

Furaha ilinipanda hadi nikasimama. Nilimwambia mama naweza kuongeza mahali pa kuandika ujumbe ndani ya programu, amwandikie, arudi.

"Hapana," akasema. "Mimi ndiye niliyemkataza kupiga simu. Kusoma sikumkataza. Muache asome."

Tatizo ni kwamba toleo lililokuwa linafuata lilikuwa la kuwatoa watu wa namna hiyo. Mkuu alitaka akaunti moja ikae kwenye kifaa kimoja, na kila kifaa cha ziada kifungiwe nje. Nilimpigia nikabishana naye kama mtu anayegombea shamba. Nilimwambia huku kwetu simu haina mwenyewe, anasoma mama, akiinuka anasoma mtoto, na kitabu ni kile kile. Kuhusu mdogo wangu sikumweleza. Akasema basi, vifaa viwili kwa nyumba moja, na asinisikie tena.

Niliweka alama mbili za ukurasa, kila mmoja akaiona na ya mwenzake, na tangu hapo walisoma pamoja, mama na mwanawe, bila kusemezana. Yeye alikimbia mbele, maana tangu utotoni hakuwa na subira na hadithi, kisha alama yake ikatulia siku kadhaa bila kusogea. Mama akawa anasema, "Yuko chini." Ikisogea ananipigia, hata salamu hasubiri: "Ametoka." Mimi nilikuwa katikati ya Shinyanga na kazi yangu, lakini niliposikia neno hilo nilicheka peke yangu chumbani.

Alifika mwisho wa kitabu kabla ya mama. Mwanamke aliliona chimbuko la mto, hadithi ikaisha, alama yake ikakaa kwenye ukurasa wa mwisho.

Ndipo watu waliotoka mnadani walipokuja na habari kwamba kuna shimo limetitia upande wa Nyarugusu, na waliokuwemo hawajulikani ni akina nani. Mama alinipigia. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

"Haisogei," akasema.

"Kitabu kimeisha, mama. Hata akiwa mzima alama haina pa kwenda."

"Hivyo vitabu vyako vingine viko wapi?"

Katalogi. Ilikuwa inafanya kazi muda mrefu, mimi ndiye niliyekuwa naipamba, nahangaika na rangi na ukubwa wa majalada. Niliacha mapambo yote. Nilimalizia yaliyobaki, nikaitoa siku ile ile, na kwenye kioo cha mama likatokea dirisha jipya lenye vitabu, vya hadithi, vya dini, vya afya, vya kilimo. Alivipitia vyote, jalada baada ya jalada.

"Chukua kimoja basi," nikamwambia.

"Sichukui. Achague yeye."

Sikuwa na moyo wa kubishana. Sikufanya kazi yoyote. Nilikaa nikiangalia rafu ya mama kwenye kompyuta yangu, ikiwa na kitabu kimoja tu kilichokwisha, huku sauti za mtaa zikinifikia kwa mbali na maji ya kunywa yakipata joto pembeni yangu. Niliomba kama ambavyo sijaomba tangu kipaimara.

Asubuhi moja rafu ilikuwa na vitabu viwili.

Nilimpigia nikiwa nalia. Alikuwa ameshakiona. Kilikuwa kijitabu cha kilimo ambacho nilikaribia kukiacha nje ya katalogi kwa jinsi kinavyochosha: namna ya kuwafundisha maksai wachanga kuvuta jembe. Mama alinisomea jalada lake mara mbili, polepole, kwa sauti.

Lakini alama yake ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Tulingoja hadi jua likawa kali, haikusogea. Hofu ikanirudia.

"Mama, yeye huwa anakimbia mbele. Mbona safari hii amesimama?"

"Ananisubiri," mama akasema.

Akaiweka simu chini bila kuikata. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Alikuwa ananawa mikono.