Mkwe Aliyeingia Kinyumenyume

Haya, chekeni mapema tumalize, maana huku Rodi Kopany watu tayari wanaiga vile nilipiga nduru, na nikiwaona hata mimi nacheka mpaka mbavu zinauma. Lakini aibu niliyopata siku ile, wueh, adui yangu simtakii!

Mnajua nina ugonjwa wa MS, ule ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia ubongo, ubongo unabaki na madoa, na mguu wangu wa kushoto ukawa wa kukokota. Wifi yangu akaapa hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko, eti harusi ya Akinyi binti yangu isimame kwanza. Nikamwambia nitamwingiza mtoto wangu kanisani kwa miguu yangu, bila fimbo! Daktari akasema hilo litategemea kama dawa ninayotumia inafanya kazi, na picha ya kawaida inaonyesha madoa tu, basi, kwa hivyo akaagiza kipimo kingine kwenye mashine ileile ya sumaku, MRI, cha kupima kemikali ndani ya doa, tujue kama seli za hapo ziko hai au zinaendelea kufa.

Tukaenda Homa Bay na Baba Akinyi. Nesi akaniambia nitoe kila kitu chenye chuma, nikatoa hereni, pete, hata sidiria, wigi nikaibakisha kidogo (chini yake kulikuwa na matuta ya zamani, nusu yamefumuka, mvi nje), nikisema nitaivua dakika ya mwisho. Mara mlango ukafunguka, na nani anaingia kuendesha mashine? Odhiambo! Yule yule aliyekuja kwetu kumposa Akinyi! Nilijua anafanya kazi hospitali, ila sikuwahi kuuliza chumba gani.

Sasa, kwetu mkwe haoni kichwa cha mama mkwe kikiwa wazi. Hata meza moja hatuli. Jasho likanitoka, nikajifunga kitambaa haraka juu ya wigi.

"Mama," akasema akiangalia sakafu, "uko na chuma yoyote? Hata kichwani?"

"Hakuna, orwa," nikamjibu mkwe wetu huyo, na klipu za wigi zimenibana utosini hivi!

Naye kwa heshima kile kifaa cha kutafuta chuma mwilini akakipitisha mbali, nafikiri alikagua ukuta. Nikalala, kitanda kikaanza kuingia, nikasikia nywele zinavutwa, polepole, halafu paa! Wigi na kitambaa vikaruka vikanata ndani ya mashine. Nikapiga nduru, nikajifunika kichwa na gauni la hospitali (na hilo gauni, nawakumbusha, ndilo pekee nililokuwa nalo).

"Mama Akinyi, teremsha gauni!" mzee wangu, aliyekuwa chumba cha pili nyuma ya kioo, akapaaza sauti kwenye spika, korido nzima ikasikia.

Odhiambo akaingia kinyumenyume, akipapasa ukuta. "Pole Mama, sioni kitu, naapa sioni kitu!" Mpaka akajigonga kwenye kitanda. Alipomaliza kuing'oa wigi, bado amenipa mgongo, akasema kwa upole, "Mama, hata kama isingeruka, hizi klipu zingeharibu kipimo. Tungekupa majibu ya uongo kuhusu dawa yako."

Kwa ajili ya matuta, nusura nipoteze mguu!

"Orwa, geuka," nikasema. "Angalia hiki kichwa vizuri, na ukipime vizuri."

Akageuka. Akaangalia. Hakuna aliyekufa.

Na majibu sasa! Daktari akasema doa limetulia, kemikali inayoonyesha seli ziko hai ipo ya kutosha, dawa inafanya kazi. Nikapiga vigelegele na gauni lao bado mwilini, wagonjwa wengine wakanijibu.

Siku ya harusi nilitembea na Akinyi mpaka mbele, wifi yangu amekaa kiti cha kwanza, ameikodolea macho miguu yangu. Kipimo kingine kikija naenda na kipara, nimeapa. Odhiambo akasimama mbele ya kanisa lote, akaninyooshea kitambaa kipya cha kichwa.

"Mama, hii haina chuma."

Watu wakaangua kicheko, nami nikakipokea kwa mikono miwili, maana fimbo sikuwa nayo.