Mbegu za Shamba la Bwana Holroyd

Walubengo alifika Eldoret na baba yake kutafuta kibarua, akajifunza Kiingereza misheni, na kufikia mwaka 1951 alikuwa msaidizi wa Bwana Holroyd, afisa wa kilimo. Alitunza shamba la majaribio la serikali na kumtafsiria bwana barazani. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini Holroyd alimruhusu kulisha ng'ombe wake katika shamba binafsi la bwana huko Chepsaita, na kuishi humo na mkewe, Nasike.

Holroyd alikuza mbegu mpya ya mahindi katika shamba hilo hilo, akaileta ijaribiwe katika shamba la serikali. Mvua ya baridi ilipopiga, mabua yakaoza kuanzia chini, yakalala karibu yote. Walubengo aliamriwa ayachome, akayachoma.

Halafu wakaenda baraza upande wa Wanandi. Chifu alikuwa ametangaza kwamba kila mwenye shamba lazima anunue mbegu hiyo. Holroyd akasimama, akasema kwa Kiingereza kwamba serikali imeijaribu na imefaulu. Akamngoja mkalimani.

Walubengo akawageukia wazee. "Bwana anasema mbegu imefaulu."

Mzee mmoja, Kiprono, akainuka pale mbele. "Si ni wewe uliipanda?"

"Ni mimi, Mzee."

"Basi tuambie wewe. Uliona nini?"

Holroyd alielewa Kiswahili. Akamgeukia polepole. "Wewe tafsiri maneno yangu tu."

Walubengo aliwaza nyumba, akawaza ng'ombe, na bado wazee wale walikuwa wanamtazama mdomoni.

"Ilioza, Mzee," akasema. "Nimeichoma kwa mikono yangu. Na hii mnauziwa inatoka kwa shamba la bwana mwenyewe."

Chifu aliinamisha kichwa. Holroyd aliingia kwa gari akaondoka, akamwacha Walubengo hapo.

Walubengo alikwenda kwa miguu mpaka Chepsaita. Alimkuta Nasike ameketi juu ya sanduku kando ya barabara, nyumba imefungwa kufuli, ng'ombe wametawanyika.

"Baba Wafula, umesema nini huko?"

Akamweleza. Nasike hakumsifu.

"Miaka yote tumekula nyasi yake. Hukujua alikuwa ananunua mdomo wako? Ungesema mapema, tungehama na heshima yetu."

Walubengo alijua. Alijua tangu siku ile alipowasha moto.

Wengi walinunua ile mbegu kwa kumwogopa chifu, na mahindi yao yakalala. Kiprono na majirani zake walikataa wakatozwa faini, lakini walivuna kwa mbegu yao ya zamani. Holroyd hakuulizwa na mtu. Alistaafu, akabaki na shamba lake. Walubengo alipata kazi ya kubeba magunia kwenye kinu cha unga mjini. Nasike alikaa muda mrefu bila kuongea naye vizuri. Kiprono aliwachukua wale ng'ombe akawachunga pamoja na wake, na kila mwezi alimtumia Walubengo maziwa mala yaliyogandishwa kwenye kibuyu.