Jina la Mjomba Kwenye Fomu

Habari hii nimeshaiandika mara nyingi na kuifuta. Kila nikiisoma upya naona nimejitoa kwenye kosa kwa namna fulani, kwa sentensi moja nzuri au kwa kunyamaza mahali. Safari hii naiacha ilivyotoka.

Mjomba wangu ni fundi cherehani. Anashona kanzu, na cherehani yake, ile ya kukanyaga kwa miguu, ilikaa miaka yote barazani kwetu Mabawa. Mimi, mama yangu, mjomba na mkewe tunaishi nyumba moja aliyoiacha bibi, na tunakula chungu kimoja. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipopita, mjomba ndiye aliyekuwa na hasira kuliko watu wote mtaani, na mama ndiye aliyeifurahia kuliko wote. Ni ndugu wa tumbo moja.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Zamani mkewe, mkaza mjomba wangu, aliwahi kuwa na kadi ya mpango fulani wa matibabu. Siku aliyoumwa alifika dirisha la dawa la kituo kimoja cha afya akaambiwa dawa hiyo haipo, akanunue nje. Akavuka barabara, akaingia duka la mbele ya geti, akaikuta. Mjomba hakusahau. Mama naye alifanyiwa upasuaji mwaka mmoja kabla ya sheria, na mimi nilipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya mchango. Aliporudi nyumbani akawa hapiti tena njia ya mbele kwenda sokoni. Aliniambia, "Kila ninayekutana naye namwona kama ananihesabia mishono."

Basi barazani pakawa hapakaliki. Watu waliokuja kupimwa kanzu walikaa kubishana hadi adhuhuri. Nakumbuka jirani yetu mmoja, mama wa makamo anayeuza samaki wa kukaanga, akisema, "Mimi silipii ugonjwa ambao sina. Huko ni kujichuria, kujiitia mkosi."

Kijana mmoja wa chama tawala akamjibu, "Mbona mlango unafunga kila siku, mama? Nako ni kujichuria?"

"Nafunga kwa sababu mwizi wa mtaa huu namjua. Umekaa naye hapo."

Wakacheka wote, hata aliyekaa naye. Lakini vicheko hivyo vilipungua wiki baada ya wiki. Upande mmoja ukaanza kuwaita wenzao wasaliti, upande wa pili ukawaita wapinga maendeleo. Kwenye harusi moja ya mtaani niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Masinia ya pilau yalipoletwa, wanaume wawili waliokuwa wakila pamoja tangu utoto walisimama kila mmoja akatafuta sinia la watu wa upande wake. Mjomba alipoketi, wa nne kwenye sinia lake hakupatikana. Wakala watatu.

Kisha ukaitishwa mkutano kwenye uwanja wa shule. Afisa alieleza kwa upole: wanaokula chungu kimoja wataandikwa fomu moja kama kaya, fomu ikishapelekwa haibadilishwi mpaka mwaka mwingine. Mjomba akasimama. Alikuwa amevaa kanzu aliyoishona mwenyewe, mguu wa kulia akiuweka upandeupande, kwa sababu kamba ya kiatu ilikuwa imemchubua kidole na kidonda hakikauki. Ana kisukari. Hilo tulilijua wote.

"Naomba kuuliza," alisema. "Kinatangulia nini, dawa au mchango?"

Nusu ya uwanja ikapiga makofi. Nusu nyingine ikapiga kelele, "Kaa chini, fundi. Siasa hizo peleka kwenu."

Nadhani lililomchoma ni lile neno kwenu. Amezaliwa pale. Akasema kwa sauti ambayo hata wanawake wa nyuma waliisikia, "Jina langu lisiandikwe popote. Na atakayeniandika si ndugu yangu."

Mama alikuwa kati ya wanawake hao. Alivuta kanga akafunika uso. Kuanzia siku ile walizungumza kupitia kwangu. "Mwambie mjomba wako chakula tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Hatua nne kutoka jiko hadi baraza, na mimi katikati kama posta.

Mimi ndiye niliyejaza fomu, yetu na za majirani wengi. Sikusoma zaidi ya kidato cha nne. Kuandika nilijifunza mwenyewe, kwa kunakili magazeti ya kufungia maandazi, na nina mwandiko ambao watu huusifu. Ninafanya kazi ya kuchapa kwenye duka la steshenari karibu na maofisi ya Raskazone. Ninaogopa kukosea. Si kwa kiasi cha kawaida. Barua ya mteja yenye nukta moja vibaya inaninyima usingizi. Kwa hiyo mama aliponiambia, "Mwandike mjomba wako, hasira zitaisha," nilimwonyesha mstari wa mwisho wa fomu, unaosema kila aliyetajwa ameridhia.

"Hajaridhia, mama. Amesema mbele ya watu."

"Wewe mtoto, amesema mbele ya watu. Kwani angesemea wapi?"

Sikumwelewa. Nilimwandika mama, nikamwandika mkaza mjomba, ambaye alikubali kwa kutikisa kichwa tu, nikajiandika mimi. Mstari wa nne nikauacha mtupu. Ningependa kusema niliheshimu msimamo wake. Ukweli ni kwamba niliogopa kuweka jina mahali ambapo mtu angeweza kuja kuniambia, hukupaswa.

Siku mbili kabla ya mwisho wa kupeleka fomu, mjomba alikuja dukani. Alikuwa hajawahi kufika kazini kwangu. Kutoka Mabawa hadi Raskazone, na mguu ule, alikuwa amepanda bajaji, yeye ambaye huona bajaji ni anasa ya wagonjwa. Nikampa shikamoo, akaitika, nikamvutia kiti.

Aliuliza habari za kazi. Aliuliza kama mashine ya kuchapa inakula umeme mwingi. Akatazama ukutani ambapo nilikuwa nimepanga fomu za watu, zimebanwa kwa mafungu. Halafu akatoa bahasha mfukoni mwa kanzu, ndani mna picha mbili ndogo za rangi, zile za pasipoti.

"Nimepiga picha," alisema. "Hebu zitazame. Zimetoka vizuri?"

Nikazitazama. Alikuwa amenyoa, amevaa kofia ya viua aliyoivaa Idi. Nikaona kingo za upande mmoja hazijanyooka. Nikachukua mkasi na rula, nikazikata vizuri mpaka pembe zote zikawa sawa.

"Zimetoka vizuri sana, mjomba," nikasema. Nikazirudisha kwenye bahasha, nikampa.

Aliishika bahasha. Akakaa nayo mapajani muda kidogo. "Haya, mwanangu," akasema, "nisikupotezee wakati." Nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikamsimamishia bajaji, nikarudi kwenye kazi yangu nikiwa na furaha kwamba siku hiyo amenisemesha vizuri. Kesho yake nilipeleka fomu.

Kila fomu ilibandikwa picha. Nilikuwa nimebandika picha za watu wengi kwa mikono yangu. Mtu wa kwetu akishatoa neno mbele ya kadamnasi halirudishi kwa mdomo. Hupitisha kitu, hupita mlangoni pako na kuuliza habari za kuku, na wewe mwenye akili unamaliza mwenyewe. Hili nimelelewa nalo. Mtoto wa miaka kumi angezipokea zile picha akaziweka droo bila kusema lolote. Mimi nilizinyoosha kingo.

Mjomba hakwenda hospitali mapema. Alipaka asali, akafunga kitambaa, akaendelea kukanyaga cherehani kwa kisigino. Alipopelekwa, kidole kilikuwa cheusi na homa imempanda. Walianza kwa kidole, kisha ikabidi wakate chini ya goti.

Mama alisahau ugomvi wote. Alishinda wodini, na siku moja yeye mwenyewe alishikwa na shinikizo la damu pale pale. Akapelekwa kwa kadi yake mpya, akapokewa vizuri, daktari akamwandikia dawa mbili. Dirishani wakampa moja. Ya pili, wakasema, jaribu nje. Alirudi akakaa kwenye benchi na kadi mkononi. Mjomba alimwona kutoka kitandani. Mtu mwingine angesema kitu. Yeye alimwambia mkewe, "Mpe dada maji."

Ni mkaza mjomba aliyeniambia. Tulikuwa tunafua mashuka nyuma ya wodi. Alisema bila ukali, macho kwenye beseni, "Siku ile alikuja kwako na picha."

"Alikuja."

"Usiku wake hakulala. Alisema, mtoto hakutaka kunisaidia, labda mama yake amemkataza."

Sina la kuongeza hapo. Nimejaribu.

Nilingoja mpaka aliporudi nyumbani, nikamfuata chumbani asubuhi, nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilikuwa nimepanga maneno yote. Nilifika katikati akanikatiza.

"Picha zipi?"

"Zile ulizoniletea Raskazone, mjomba."

"Ah, zile. Zile zilikuwa za kitambulisho cha chama cha mafundi." Alitazama dirishani. "Chama chenyewe kimekufa. Inuka, sakafu ina baridi."

Hakuna chama cha mafundi. Hakijawahi kuwapo. Nikainuka, kwa sababu nisingeinuka ningekuwa namwita mwongo.

Mtaani wamepatana kiasi. Yule kijana wa chama tawala ndiye aliyemtafutia mjomba magongo, na muuza samaki ameandikisha kaya yake ingawa anasema ni kwa ajili ya wajukuu tu. Wengine bado hawapeani salamu. Cherehani tumeiingiza ndani, kwa sababu barazani ilikuwa inamtazama.

Mwezi uliopita fomu zilifunguliwa tena. Nilikwenda na yetu chumbani kwake tukiwa wawili tu, mlango nimeufunga, ili asiwe na watu wa kumsikia. Nikamwambia mstari wa nne upo, nauandika sasa hivi, hata asiseme neno. Nilikuwa nimejifunza, nilidhani. Nikautazama uso wake, mikono yake, mto, kila mahali ambapo mtu angeweza kuficha jibu.

"Usiniandike," alisema.

Nikangoja.

"Sikuzungushii, mwanangu. Mguu ndio uliokuwa ukitulisha, nao umekwenda. Mwandikieni mtu ambaye bado ana cha kulinda."

Nikakaa pale na kalamu. Hakuwa na hasira hata kidogo.